Kuazima, Kukopa na Kula: Rasilimali za Java Ndani ya Moduli Ndogo

Mswahili hutofautisha mambo ambayo baadhi ya lugha huyafumba katika neno moja. Jembe la jirani huazimwa: kazi ikiisha, hurejeshwa lilelile, na mpini wake uleule. Fedha hukopwa: anayelipa hatarajiwi kurudisha noti zilezile alizopokea, bali kiasi kilekile. Chakula nacho huliwa: kikishaliwa kimekwisha, na hapana awezaye kumdai mlaji akirejeshe. Vitenzi hivi vitatu, kuazima, kukopa na kula, vinaonekana kuwa vya shambani, dukani na jikoni, mbali kabisa na maabara ya tarakilishi. Hata hivyo, vinaweza kufafanua, pengine kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa kwa jasho, mojawapo ya kazi ngumu za mwanaprogramu: kusimamia violesura vya maunzi na rasilimali nyinginezo pale ambapo programu ya Java inaendeshwa ndani ya moduli ndogo iliyopachikwa katika mashine nyingine.

Maunzi ni zile sehemu za mashine zinazoshikika kwa mkono. Kiolesura ni mahali ambapo pande mbili hukutana na kuwasiliana, mathalani pini ya chuma ambayo kupitia kwayo prosesa hupata habari kutoka kwa kipimajoto. Ama moduli pachikwa, huenda mwanafunzi wa sarufi akaielewa upesi kuliko mwenzake wa sayansi. Ni kama kishazi tegemezi ndani ya sentensi changamano: kina kiima na kiarifu chake, kina maana yake, lakini hakisimami peke yake. Moduli ina prosesa yake, kumbukumbu yake na redio yake, lakini huishi ndani ya mita ya umeme, ndani ya gari au ndani ya mashine ya kuuzia vinywaji. Anayenunua soda hajui kuwa ipo.

Mfano mzuri wa moduli za aina hii ni TC65, iliyotolewa na kampuni ya Siemens ya Ujerumani katikati ya muongo wa 2000. Ilikuwa kipande bapa, kidogo kuliko kiberiti, chenye uwezo wote wa simu ya rununu isipokuwa kioo na vibonyezo. Iliweza kutuma arafa na kupeleka data kwa njia ya GPRS. Jambo lililoipa umaarufu ni kwamba mnunuzi aliweza kuiandikia programu yake mwenyewe kwa lugha ya Java na kuiweka ndani ya moduli hiyohiyo, minghairi ya kununua prosesa ya pili. Programu hiyo ilitengewa takribani kilobaiti 400 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na megabaiti 1.7 za kumbukumbu ya flashi ya kuhifadhia faili. Kwa kulinganisha, picha moja ya simu za leo isingetosha kuhifadhiwa humo.

Si ajabu kwamba Java ilifika huko. Lugha hii ilianza mwaka 1991 katika kampuni ya Sun ya Marekani, ambako James Gosling na wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kuvipa akili vifaa vya kielektroniki vya nyumbani. Jina lake la kwanza lilikuwa Oak. Ilipotangazwa hadharani mwaka 1995 kwa jina la Java, ilivuma kwa sababu ya intaneti, na asili yake ikasahaulika. Mwaka 1999 Sun ilitoa toleo dogo la vifaa vyenye kumbukumbu haba. Hivyo basi, Java ilipoingia ndani ya moduli haikuwa inahamia ugenini; ilikuwa inarejea kwao.

Lakini ilirejea na tabia za mjini. Java iliwaahidi watumiaji wake kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa popote. Ahadi hiyo hutimizwa na mashine pepe, yaani programu inayojifanya prosesa na kukaa katikati ya Java na maunzi halisi. Mwanaprogramu hulazimiki kujua anwani za kumbukumbu wala majina ya pini. Aidha, hahitaji kurudisha kumbukumbu aliyoitumia, kwani ndani ya mashine pepe mna mzoataka, ambaye hupita kila mara na kuokota vitu ambavyo programu haivihitaji tena. Hii ni neema kubwa. Ni neema pia inayolemaza, kwa sababu humzoesha mtu kudhani kwamba kila alichokichukua kuna mtu atakirudisha kwa niaba yake. Hapa ndipo vitenzi vile vitatu vinapohitajika.

Kumbukumbu hukopwa. Programu inapounda kitu kipya hupewa baiti kadhaa, na kitu hicho kikitupwa, mzoataka hurudisha kiasi kilekile katika hazina. Hakuna anayejali kama ni baiti zilezile. Deni hili hulipwa na mwingine, lakini kwa sharti moja: kitu kiwe kimetupwa kweli. Mzoataka haingii nyumbani mwa mtu kubeba kilichomo kabatini. Chukua mfano wa programu inayopima kina cha maji ndani ya tangi kila baada ya dakika 5 na kuweka kila kipimo katika orodha, kisha ikasahau kukiondoa kipimo baada ya kukituma. Iwapo kila kipimo kinachukua baiti 100, orodha hiyo itaongezeka kwa baiti 28,800 kwa siku. Kilobaiti 400 zote, hata zingekuwa tupu tangu mwanzo, zitajaa katika muda wa siku 14 hivi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa programu hufa. Mwanaprogramu aliyeijaribu kwa siku tatu mezani pake aliiona nzima kabisa. Kasoro hii haitokani na Java kushindwa kuzoa taka. Inatokana na mtu kuhifadhi taka akidhani ni mali.

Violesura, kwa upande mwingine, huazimwa. Mlango wa mawasiliano si kiasi; ni kitu kimoja mahususi, kama lile jembe. TC65 ilikuwa na milango miwili ya aina hiyo na pini 10 za matumizi ya jumla. Programu ikiufungua mlango wa kwanza na kuupa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, mlango ule hauwezi kupewa sehemu nyingine ya programu hadi ufungwe. Mzoataka hausaidii kitu hapa. Yeye huzoa kumbukumbu. Hajui chochote juu ya mlango ulioachwa wazi. Isitoshe, toleo dogo la Java lililotumika katika moduli hizo liliondoa hata ule utaratibu uliokuwapo katika Java kubwa, wa kitu kupewa nafasi ya mwisho ya kujisafisha kabla ya kuzolewa. Kitu kilikufa bila wasia.

Namna Java ilivyoyafikia maunzi katika moduli hizo ni kisa cha kuwafurahisha wanaisimu. Kwa sababu za usalama, toleo dogo la Java halikumruhusu mwanaprogramu kuiruka mashine pepe na kugusa chuma moja kwa moja. Siemens ilitatua tatizo hilo kwa kumweka mkalimani. Programu ya Java iliunda kitu maalumu cha kupokea amri, ikakipa amri iliyoandikwa kwa maneno, na moduli ikajibu kwa maneno. Amri zenyewe huanza kwa herufi AT, na zinatokana na modemu ya kampuni ya Hayes ya mwaka 1981. Ni kusema kwamba lugha iliyotangazwa mwaka 1995 ilizungumza na redio yake kwa lahaja ya mwaka 1981. Programu iliyotaka kujua nguvu ya mawimbi ya simu iliandika AT+CSQ, na kupata jibu la namba kuanzia 0 hadi 31, au 99, ambayo maana yake ni kuwa haijulikani. Amri za jamii hiyohiyo, zenye viambishi vya Siemens yenyewe, zilitumika kuifungua pini, kuisoma na kuibadilisha.

Mkalimani huyo alikuwa na adabu zake. Aliyemwuliza swali ilimbidi asubiri hadi jibu litoke, na uzi wa programu uliouliza ulisimama kabisa wakati wa kusubiri. Kisha, idadi ya vitu vya kupokelea amri ilikuwa na kikomo. Kila kimoja kilichoundwa ilipasa kiachiliwe waziwazi kazi ilipokwisha. Programu iliyounda kipya kila ilipotaka kuuliza jambo, bila kuachilia cha zamani, ilifika mahali ikanyimwa kabisa. Redio ilikuwa nzima na mawimbi yalikuwa mazuri, ila hapakuwa na mkalimani aliyebaki.

Hatari kubwa ya kuazima haiko katika siku njema. Karibu kila mwanaprogramu hukumbuka kuufunga mlango baada ya kipimo kupatikana. Tatizo huja siku ambayo kipimo hakikupatikana. Irejelewe ile programu ya tangi la maji. Inafungua mlango, inakiuliza kihisio kina cha maji, nacho, kwa kuwa waya umelegea, hakijibu. Java hutangaza hitilafu na kuiruka mistari yote iliyosalia, ukiwamo ule wa kuufunga mlango. Baada ya dakika 5 programu hurudi kuufungua mlango uleule na kuambiwa kuwa una mtu. Mwenye kuuzuia ni yeye mwenyewe. Hali hii ni sawa na meli iliyofunga kwenye gati, nahodha akafariki, na hakuna mwenye mamlaka ya kuing'oa nanga: bandari nzima hulemaa ijapokuwa hakuna kilichoharibika. Waya ukirudi kukazika, kihisio kitakuwa tayari kujibu, lakini hatakuwapo wa kukiuliza. Hitilafu ya sekunde chache imegeuzwa kuwa ya kudumu, na wanaotegemea tangi lile watajua hivyo mfereji utakapokauka.

Dawa yake inafahamika, nayo ni ya kimaadili kabla ya kuwa ya kiufundi. Kwanza, anayefungua ndiye anayefunga. Kazi hiyo haiachiwi sehemu nyingine ya programu. Pili, amri ya kufunga huwekwa katika kifungu cha Java kiitwacho finally, ambacho hutekelezwa siku njema na siku mbaya. Tatu, vilivyoazimwa vingi hurejeshwa kwa mpangilio wa kinyume: cha mwisho kuchukuliwa huwa cha kwanza kurudishwa, kama vile mtu avuavyo koti kabla ya shati. Nne, kila kusubiri huwekewa muda wa mwisho, maana kihisio kilichokufa hakina haya. Kitamsubirisha mtu milele.

Kuna wakati ambapo wawili huazima kitu kimoja pasipo kujua. Katika TC65, pini zilizotumika kwa aina moja ya mawasiliano na vihisio, iitwayo I2C, ndizo hizohizo zilizotumika kwa aina nyingine, iitwayo SPI. Katika karatasi za maelezo zilionekana kuwa violesura viwili. Katika chuma zilikuwa nyaya zilezile zenye majina mawili. Mwanaprogramu aliyesoma orodha ya sifa bila kutazama mchoro wa pini angeweza kununua vihisio viwili visivyoweza kukaa pamoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana wajuzi hupendekeza kila kiolesura kiwe na msimamizi mmoja ndani ya programu, uzi mmoja unaopokea maombi ya nyuzi nyingine na kuyatekeleza moja baada ya jingine. Foleni huchosha, lakini vurugu hugharimu zaidi.

Kuna pia vitu ambavyo havikopwi wala haviazimwi, huliwa. Wenye simu husema kuwa programu fulani inakula chaji, na kitenzi hicho ni sahihi kuliko wanavyodhani. Redio ya GSM inapotuma haitumii umeme kwa utulivu; huuvuta kwa mikupuo. Kila mkupuo hudumu kwa mikrosekunde 577 hivi na kujirudia baada ya takribani milisekunde 4.6, na katika mkupuo mmoja moduli inaweza kuvuta ampea 2. Betri iliyochoka, ambayo ukiipima kwa utulivu huonyesha volti za kutosha, huporomoka katika mkupuo huo, na moduli ikazimika katikati ya sentensi. Kwa hiyo programu yenye busara haitumi kila kipimo kinapopatikana. Hukusanya vipimo kadhaa, huviondoa katika orodha vikishatumwa, na baina ya safari moja na nyingine huiacha redio ilale.

Kumbukumbu ya flashi nayo huliwa, ingawa polepole. Kila sehemu yake huvumilia kufutwa na kuandikwa upya mara kadhaa tu, na kiwango cha kawaida kwa flashi za aina hii ni mara 100,000 hivi. Namba hiyo yaonekana kubwa hadi ipigiwe hesabu. Iwapo sehemu ileile inafutwa na kuandikwa kila dakika, mara 100,000 zitakwisha baada ya siku 69. Zipo mbinu za kuusambaza uandishi ili uchakavu usiangukie mahali pamoja, lakini hakuna mbinu inayorejesha kilicholiwa. Anayeandika kila jambo kwenye flashi kwa kuogopa kupoteza kumbukumbu ndiye anayeiharibu kumbukumbu yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yana suluhisho jepesi: moduli ikikwama, iwashwe upya. Kweli, mifumo mingi huwa na mlinzi, saa ndogo inayoizima na kuiwasha mashine iwapo programu haikuigusa kwa muda fulani. Mlinzi huyo ni wa lazima pale ambapo kifaa kimefukiwa ardhini au kimetundikwa mlingotini. Lakini mlinzi hatibu. Huzika na kufufua. Kumbukumbu iliyokopwa na milango iliyoazimwa hurudi mashine inapowashwa upya. Vilivyoliwa havirudi, na vipimo ambavyo havikuwa vimetumwa hupotea. Kumtegemea mlinzi badala ya kulipa madeni ni sawa na mtu kuhama kila nyumba anapodaiwa kodi.

Wabunifu wa Java wenyewe walikubali kwamba kumbusha-kumbusha hakutoshi. Mwaka 2011 Java kubwa ilipata muundo mpya ambao rasilimali hutajwa mwanzoni mwa kifungu na kufungwa yenyewe kifungu kinapokwisha, iwe kwa heri au kwa shari. Toleo dogo la Java lililotolewa mwaka 2014, wakati Sun ilikuwa imeshanunuliwa na Oracle, lilichukua muundo huo. Aidha, lilikuja na njia rasmi ya kufikia pini na vihisio, ambayo humlazimu mwanaprogramu kuomba idhini ya kila kifaa na kutaja kama anakitaka peke yake au yuko tayari kushirikiana na wengine. TC65 imekwisha kupitwa na wakati. Biashara ya moduli za Siemens iliitwa Cinterion mwaka 2008, ikanunuliwa na Gemalto mwaka 2010, na Gemalto ikanunuliwa na Thales mwaka 2019. Majina yamebadilika na kilobaiti zimeongezeka. Adabu ya kurejesha haijabadilika, ila sasa imeingizwa katika sarufi ya lugha yenyewe.

Jambo hili la mwisho linapaswa kuwagusa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kwa muda mrefu mjadala wa Kiswahili na teknolojia umekuwa mjadala wa majina: je, iwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Kazi ya kubuni majina ni muhimu, na imezaa matunda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Lakini istilahi inaweza kuwa sahihi kikamusi na bado ikapotosha fikra. Neno rasilimali lina asili ya Kiarabu, likimaanisha mtaji, mali ya mtu ya kuanzia biashara. Anayefundishwa kwamba mlango wa mawasiliano ni rasilimali ya programu anaweza kuamini kuwa ni mtaji wake, autumie apendavyo. Ukweli ni kwamba mlango ule ni amana.

Haipendekezwi hapa kwamba neno rasilimali lifutwe. Limekwisha kukita mizizi, na kubadilisha istilahi kila msimu ni kuwachosha wasomaji. Kinachopendekezwa ni kwamba anayefundisha somo hili kwa Kiswahili asiishie kwenye nomino. Awape wanafunzi wake vitenzi. Mbele ya kila kiolesura na kila baiti, mwanafunzi ajiulize: hiki nimekiazima, nimekikopa, au ninakila? Kama amekiazima, atarejesha nini, lini, na ni nani atakirejesha iwapo hitilafu itatokea? Kama amekikopa, je, amekitupa kweli ili mzoataka akione? Kama anakila, kimebaki kiasi gani? Mwanafunzi anayeyajibu maswali hayo kabla ya kuandika mstari wa kwanza ameshamaliza nusu ya kazi, na ameimaliza kwa lugha yake. Kiswahili hakikungoja Java ije ili kijue tofauti ya jembe, noti na ugali. Kinachohitajika ni wasomi wake kuiamini tofauti hiyo na kuipeleka hadi kwenye pini.